Sahani ya Kulwa

Kwanza niwaambie kazi yangu, maana ndiyo huwa inawachekesha watu. Mimi ni mama lishe. Napika Mlabani, hapa Ifakara mjini, kibanda cha mabati na mabenchi yake. Asubuhi supu na chapati, mchana wali maharage, wali samaki, ugali na mlenda kwa wanaoupenda. Bodaboda wanakula kwangu, mafundi wanakula kwangu, hata walimu wakiwa hawana haraka. Na watoto wangu mapacha walilazwa hospitali kwa kukosa lishe. Mmoja alirudi nyumbani. Kama unataka kucheka, cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Nilikuwa sina mpango wa kuandika. Lakini hivi karibuni binti mmoja alikuja kununua chapati, amempakata mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na nywele nyepesi nyekundu nyekundu. Nikamsalimia yule mtoto, hakunitazama. Binti akaniambia kwa furaha kabisa, "Huyu ana afya sana, dada, tatizo lake kununa tu." Mwiko ulinidondoka. Nilifunika masufuria, nikamwomba jirani aniangalizie moto, nikamshika yule binti mkono tukaenda hospitali, yeye akiniona nina kichaa. Jioni niliporudi nikasema basi, haya mambo niyaandike, kwa sababu siwezi kumshika kila mtu mkono.

Mapacha wangu walikuwa Kulwa wa kiume na Doto wa kike. Majina ya Kisukuma hayo, na sisi siyo Wasukuma. Mimi Mpogoro wa Mahenge, mume wangu Mndamba. Lakini siku hizi pacha gani bonde hili haitwi hivyo? Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka, basi mimi nikawa Mama Kulwa na mume wangu Baba Kulwa. Yeye ni mkata miwa upande wa Kidatu, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, tena mwezi mwingine harudi.

Kwetu mtoto haachishwi ziwa na mama yake. Anapelekwa kwa bibi. Mama akiwa karibu, mtoto ananusa maziwa, analia, mama anaona huruma anampa, basi hamtaachana mpaka aende shule. Akiwa mbali anasahau. Mimi niliachishwa hivyo, na mama yangu kabla yangu. Kwa hiyo mvua za kwanza zilipoanza, mapacha wakiwa wameshatembea na wanasema neno moja moja, niliwapeleka Kisawasawa kwa mama mkwe wangu. Nia ilikuwa wakae kidogo tu, wasahau, nikawachukue. Mvua zikakolea, barabara ikawa tope tupu, na mama mkwe akaniambia kwenye simu, "Waache, mwanangu, wameshazoea. Na mimi wananichangamshia nyumba." Nikawaacha.

Mama mkwe wangu siyo mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu najua watu wanavyopenda hadithi za mama wakwe. Ni mjane, mkulima, na wale watoto aliwapenda mpaka akawa anawabeba wote wawili, mmoja mgongoni mmoja kifuani, kwenda nao shambani. Chakula aliwapa, tena walishiba. Asubuhi chai ya rangi yenye sukari ya kutosha na andazi. Mchana uji mweupe wa sembe, sukari tena. Jioni wali, na juu ya wali mchuzi wa samaki. Nimesema mchuzi, sijasema samaki. Samaki walikuwa wa vibarua waliopalilia mpunga, maana anayelima ndiye anayehitaji nguvu. Mtoto mchuzi unamtosha. Ndivyo alivyolelewa yeye, na ndivyo nilivyolelewa mimi, wala sikuona ajabu yoyote.

Mayai yalikuwepo. Kuku wa mama mkwe wanataga mpaka uvunguni mwa kitanda. Lakini mtoto mdogo akila mayai atakuwa mwizi. Usiniambie hujawahi kusikia! Wengine wanasema atachelewa kuongea, kwetu wanasema mwizi. Mayai yakaatamiwa, mengine yakauzwa barabarani kwa abiria wa mabasi.

Na walikula sahani moja. Sahani ya bati yenye ua jekundu katikati. Doto alikuwa na mikono ya haraka. Kulwa alikuwa mpole, ana kijitabia cha kusukuma tonge kwa kidole upande wa mwenzake, halafu anamtazama akila. Mama mkwe alikuwa ananisimulia kwenye simu, tunacheka wote. "Huyu mwanaume atakuwa baba mzuri," anasema.

Ardhi ilipokuwa imeshiba mvua, akanipigia na habari mbili. Ya kwanza, Doto amekonda, anamtia wasiwasi. Ya pili, Kulwa amenona. "Ungemwona! Mashavu haya! Miguu minene! Hata nywele zimekuwa laini, nyekundu kama za Mzungu." Nikasema Mungu ni mwema, angalau mmoja. Nikapanda basi kwenda kumwangalia Doto.

Nilipofika, Doto alikuja mbio na vimiguu vyake vyembamba. Kulwa hakuja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenuna, kama mzee aliyedhulumiwa shamba. Nikamnyanyua, mzito. Nikambusu mashavu yale, nikamwambia, "Bonge langu! Umemsahau mama?" Akalia kilio kidogo, cha kuchoka, nikamrudisha kwenye mkeka. Kisha nikakaa na Doto magotini, nahesabu mbavu zake kwa vidole, roho inaniuma kwa ajili ya Doto.

Mama mkwe alisubiri nimalize kunywa maji. Akatazama pembeni, akaanza. "Mama Kulwa, nikuulize kitu usinichukie. Huko mjini uko salama?"

"Salama vipi, Mama?"

"Huyu Doto siyo wa hivihivi. Isije ikawa uliwabemenda watoto wakati wananyonya."

Kwa asiyelijua neno hili, na heri yake: kubemenda ni pale mama anaponyonyesha huku anatembea na mwanaume mwingine. Wanasema maziwa yanaharibika, mtoto anakonda, miguu inalegea, anakufa. Mtoto akidhoofu, macho ya watu hayaendi kwenye sahani yake. Yanaenda kwenye kitanda cha mama yake. Na mimi ni mwanamke ninayepikia wanaume kutwa nzima, mabenchi yangu yamejaa bodaboda, mume yuko kwenye miwa. Neno lilinikaa kama nguo niliyopimwa na fundi.

Nilimjibu, na sikumjibu kwa upole. "Mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini wamenyonya maziwa mamoja. Nimbemende Doto nimwache Kulwa anone? Kwa ustadi gani huo?"

Akasema kuna mzee anajua dawa yake, tutaogeshwa mimi, mume wangu na mtoto, yaishe. Nikasema hapana, naenda hospitali. Nikafunga nguo zao kwenye mfuko, na ile sahani ya ua jekundu nikaichukua kwa sababu Doto alikuwa ameishikilia hataki kuiachia. Kulwa nilimchukua kwa sababu mapacha hawatenganishwi, basi. Sikuwa nampeleka yeye hospitali. Alikuwa anamsindikiza dada yake.

Benchi la hospitali nalijua kuliko mabenchi yangu mwenyewe. Ni refu, la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa, na ukikaa mwisho wake unaona mlango unapofunguka. Tulisogea tako kwa tako mpaka tukafika ndani, kwa nesi mfupi wa makamo tuliyekuja kumwita Sista Imelda.

"Mgonjwa ni yupi?"

Nikamsogeza Doto. Akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia lishe ya watoto, ukasimama kwenye nyekundu. Akaandika. Halafu akainua macho akamtazama Kulwa, ambaye nilikuwa nimemweka chini, na hakuwa amejitikisa tangu tuingie. Akaacha kalamu. Akapiga magoti sakafuni, akamvua soksi, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Mimi ni mpishi, nabonyeza unga wa maandazi kila asubuhi, najua unga ulioumuka unavyobaki na alama. Sikujua mguu wa mtoto unaweza kufanya vile.

"Dada, huyu ndiye anayeumwa zaidi."

"Huyu? Sista, huyu si mnene?"

"Siyo unene huu. Ni maji. Amevimba."

Nilimtazama Kulwa, nikamtazama tena. Yale mashavu niliyoyabusu. Sitaki kuyaelezea zaidi.

Wakaanza kutuandikisha wodini. Jina, kijiji, umri. Kijana wa mapokezi akauliza, "Kazi ya mama?" Nikasema, "Mama lishe." Palikuwa na wanawake wengine wamekaa, nao na watoto wao. Mmoja akacheka, halafu mwingine, halafu chumba kizima. Siyo kwa ubaya. Yule wa kwanza ndiye aliyekuja kuwa dada yangu wodini, alinipa kanga yake usiku wa baridi. Lakini siku ile nilitamani sakafu ipasuke. Sista Imelda peke yake hakucheka. Aliniambia taratibu, "Andika hivyo hivyo, mama lishe. Utakuja kutusaidia."

Maisha ya wodini yalikuwa maziwa. Maziwa ya dawa, kidogo kidogo kwenye kikombe, kila baada ya muda wake, usiku na mchana. Kidogo mno! Mimi niliyezoea kumjazia mtu sahani mpaka wali unamwagika, nikapewa kikombe cha kitoto na kuambiwa nisizidishe hata tone, mwili wake hauwezi. Ngozi ya Kulwa ilianza kubanduka miguuni na kwenye makalio, kama rangi ya ukuta wa zamani. Nilikuwa namgeuza kwa viganja, naogopa vidole. Na maji yakaanza kumtoka. Kila asubuhi uvimbe umepungua kidogo, na chini yake akawa anajitokeza mtoto mwembamba kuliko Doto. Yule ndiye alikuwa mwanangu wa kweli, amefichwa mle ndani muda wote, na sisi tunasifia.

Lakini alitabasamu. Siku moja alimwona paka dirishani akasema "nyau", akatabasamu, wodi nzima ikapiga vigelegele. Mama aliyenicheka siku ya kwanza ndiye aliyepiga cha kwanza. Kwenye wodi ile mtoto akitabasamu ni wa wote.

Mama mkwe alikuja na chombo cha wali wa moto, ameufunga kwa kanga usipoe toka Kisawasawa. Samaki mzima juu yake. Safari hii samaki, siyo mchuzi. Sista Imelda akamzuia mlangoni. "Bado, bibi. Muda wake haujafika. Tumbo lake haliwezi."

"Mnamnyima mtoto chakula halafu mnataka apone?" Sauti yake ilifika mpaka mwisho wa korido. "Mimi nimemlea huyu!"

Nilimshika mkono, akauchomoa. Akakaa nje na ule wali magotini, hakuula yeye wala hakumpa mtu. Alipoondoka aliuacha pale kwenye benchi. Wakati ule nilikasirika. Sasa nikiukumbuka wali ule, nalia.

Halafu Kulwa akapata homa na kuharisha. Walimwekea dripu, walifanya kila kitu, nasema hivi kwa sababu niliona kwa macho yangu. Asubuhi, mpunga ukiwa umeanza kuwa njano mashambani, nilimnyanyua nimpe maziwa. Alikuwa mwepesi, sikuwa nimezoea. Nikamsogezea kikombe. Akakitazama, akakisukuma kwa kidole, polepole, upande wa kitanda alichokaa mwenzake.

"Ya Doto," akasema.

Nikamwambia, "Doto ana yake, baba. Hii ni yako. Kunywa." Hakunywa. Akaegemea kifua changu, na kabla muda wa maziwa mengine haujafika alikuwa ameondoka. Nilikuwa bado nimeshika kikombe. Sista Imelda alikitoa mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo watu waliponihukumu. Baba Kulwa alifika toka Kidatu na ndugu zake, wakamchukua mtoto kwenda kumzika Kisawasawa. Mimi nikafunga kanga yangu niende. Sista Imelda akasimama mbele yangu. "Mama Kulwa, nani atabaki na Doto?" Nikasema namchukua. Akasema, "Ukimtoa leo kwenye maziwa haya, sitakudanganya, unaweza kuwapoteza wote wawili." Nikasema basi abaki hapa. Doto alikuwa hanywi kwa mtu mwingine yeyote ila mimi. Yule mama wa kanga alijaribu, nesi alijaribu, anafunga mdomo kwa nguvu mpaka midomo inakuwa myeupe.

Gari likawasha injini nje. Nililisikia likiondoka na mwanangu. Nikakaa kitandani, nikamwambia Doto, "Haya, fungua mdomo." Kanisani kule Kisawasawa walikuwa wanamsomea Kulwa misa, na mimi namhesabia Doto vijiko. Yeye anakunywa huku anatazama kitanda cha pili. "Kulwa?" ananiuliza. Nikasema, "Kunywa kwanza."

Kisawasawa wakasema, mama gani huyo mtoto anazikwa yeye hayupo? Ana analoficha. Na lile neno, ambalo mwanzo lilisemwa kwa kunong'ona, sasa likasemwa kwa sauti msibani, mbele ya masufuria.

Matanga yalipoanuliwa Baba Kulwa akaja wodini. Tulikaa kwenye lile benchi refu. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye viatu, nikajua ni wa wapi. Akasugua viganja, akasema, "Mama Kulwa, mimi sitakupiga wala sitakufukuza. Niambie ukweli tu. Wanayosema nyumbani ni kweli?"

Ningependa kusema nilimjibu kwa hekima. Nilimfokea! Nilimwambia nenda kawaulize waliokutuma, nenda kamuoe anayenukia marashi, mimi nanuka vitunguu kutwa nani atanitaka! Watu wakageuka. Sista Imelda akatoka, akatuingiza chumba cha kupimia uzito, akafunga mlango. Hakutoa hotuba. Alimwuliza mume wangu maswali kama anayetaka kuandika.

"Baba, watoto walikuwa wanakula nini jioni?"

"Wali."

"Na nini?"

"Mchuzi wa samaki."

"Na samaki?"

Nilimwona anaelewa. Yeye mwenyewe akienda kwao kusaidia kulima alikuwa anawekewa samaki mzima, wanawe wakiwa mkekani na mchuzi. Aliinama mpaka kichwa kikagusa ile meza ya mizani, akalia, mwanaume mzima wa kukata miwa. Nikamwacha alie. Baadaye nikamshika bega, maana kuna mengine hayana mtu wa kulia nayo ila yule mliyezaa naye.

Tuliruhusiwa na Doto wakati wa mavuno, mji mzima ukinukia mpunga mpya. Tulipewa pakiti za chakula dawa, kile cha ladha ya karanga, na maneno. Yai. Dagaa. Maharage. Matembele, mchicha, papai, ndizi. Chai ya rangi siyo chakula. Na hili Sista Imelda alilirudia: kila mtoto na sahani yake, ili ujue amekula nini na amebakiza nini. "Mrudishe tumpime. Akirudi kwenye nyekundu tutamlaza tena."

Nikasema hilo la sahani ni rahisi. Nimebakiwa na mtoto mmoja tu.

Siku ya kwanza nyumbani nilimpakulia kwenye ile sahani ya ua jekundu: wali, maharage, samaki niliyemtoa miba. Akala vizuri mpaka katikati. Kwenye lile ua akasimama. Akachora mstari kwa kidole, akasukuma kilichobaki upande wa pili. "Ya Kulwa."

Nilimwambia Kulwa amelala. Akasema ataamka. Nilimbembeleza, nilimfokea, nilimwimbia. Bodaboda wangu walimletea biskuti na soda kwa huruma, nikawatimua na biskuti zao. Kila mlo, nusu, mstari, "ya Kulwa." Nusu ya uji wa karanga. Nusu ya yai. Hata pakiti ya chakula dawa aliminya mpaka katikati akanirudishia. Tulipokwenda kupima, utepe ulikuwa umerudi jirani kabisa na nyekundu. Nilimwona Doto anamfuata kaka yake kwa kumgawia, kidogo kidogo, na mimi nimesimama natazama.

Siku ile jioni ndipo nilipoyaelewa maneno ya Sista vizuri. Kila mtoto na sahani yake. Nikanunua sahani nyingine, ya kijani. Nikaziweka mbili mkekani. Hii ya Doto. Hii yenye ua, ya Kulwa. Nikapakua zote sawasawa, kipande cha samaki hapa, kipande pale. Doto akazitazama.

"Ya Kulwa?"

"Ndiyo. Kulwa ana yake. Hiyo yote ni yako."

Akala. Akala yote! Akalamba na vidole. Akaenda kucheza.

Nikabaki mimi na sahani ya Kulwa. Kuutupa wali ule nisingeweza, bora mnikate mkono. Nikaula. Na mimi toka msiba nilikuwa sili, naonja chumvi kwenye masufuria ya wateja basi, nguo zimenilegea. Kila siku nikamlia Kulwa wali wake, mayai yake, matembele yake. Nikapata nguvu za kusimama jikoni. Mwanangu aliyekufa ndiye aliyenilisha, hivyo ndivyo ilivyokuwa, na aniite kichaa anayetaka.

Doto akaanza kujifunza kula, na mimi nikajifunza naye. Anachuma matembele pamoja nami, kwa hiyo anayala kwa kujidai. Anapepeta maharage, nusu yanamwagika. Anajua kumtoa samaki miba kwa vidole kuliko wateja wangu wengine. Hajui soda. Mtoto anajifunza kula kama anavyojifunza kuongea, kwa kukutazama mdomo, na nilikuwa na sababu ya kula mbele yake.

Watu wengine walianza kuniita Mama Doto, kwa kunihurumia. Nawashukuru. Nawaambia hapana.

Mama mkwe hakuja muda mrefu. Alipokuja, alikuja na ndoo ya pumba za mpunga kichwani. Nikampokea, "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Akakaa, akaanza kuingiza mkono kwenye pumba na kutoa mayai, moja moja, anayapanga kwenye kanga. Mengi. Hakunitazama.

"Ya Doto," akasema. "Ale."

"Mama, si ulisema atakuwa mwizi?"

Mkono wake ukasimama ndani ya pumba. "Awe mwizi," akasema. "Aniibie hata kuku wote. Mwizi wangu aliye hai."

Niliyachemsha mayai, nikatandika mkeka, nikaweka sahani. Akaiona ile ya ua jekundu, akaitambua. Alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba kwa muda, akarudi amenawa uso. "Hiyo huwa anaila nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Leo nipe mimi." Akala sahani ya Kulwa mpaka mwisho, yai na yote, machozi yanadondokea humo humo. Hatujawahi kuombana msamaha kwa maneno. Akiondoka aliniita Mama Kulwa.

Mvua zimeanza tena. Utepe wa Doto sasa uko kwenye kijani, na Sista Imelda alinipiga kofi la bega nikayumba. Doto anaongea kama redio. Juzi mchana nilitandika mkeka kama kawaida, nikapakua ya kijani, nikachukua ile yenye ua, nikachota wali. Akanishika mkono.

"Mama, usimpakulie Kulwa."

"Kwa nini?"

"Ameshiba."

Akavuta sahani yake, akaanza kula. Hakuwa na huzuni yoyote, mtoto mwenye njaa tu na samaki wake. Ndicho nilichokiomba kwa Mungu mwaka mzima, na kiliniuma kuliko siku lile gari lilipoondoka. Nikaurudisha wali kwenye sufuria. Nikakaa karibu naye tukala, mimi kwa mara ya kwanza kwenye sahani yangu. Alipomaliza nikakusanya vyombo, nikaiosha na ya Kulwa, ingawa haikuwa imeliwa kitu.